DAMU INAPOTOA HABARI MAPEMA: HISTORIA YA KIPIMO CHA KISUKARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ijumaa moja baada ya swala, wauguzi wawili waliweka meza yao kwenye ua wa msikiti wetu. Walikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari, pamba, spiriti na daftari. Watu walipanga foleni, wanaume upande huu na akina mama upande ule. Mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisimama kidogo kwenye foleni, kisha akatoka kabla zamu yake haijafika. Tulipomfuata kumuuliza, alitujibu hivi: "Wanangu, mimi siumwi. Hawa wanataka kuniambia nitaumwa nini kesho. Ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Huyu ana tofauti gani na mpiga ramli, zaidi ya koti jeupe?"

Vijana waliokuwa karibu walicheka. Sisi tuliona kwamba mzee ameuliza jambo la maana, na kwamba wengi wanaokwepa vipimo wana swali hilo hilo moyoni ila hawalisemi. Tukaahidi kumletea jibu, nalo jibu lenyewe liko katika historia. Tukijua kipimo hiki kilitoka wapi, na nani walikihangaikia, tutajua pia kinasema nini na hakisemi nini.

MKOJO WA ASALI

Ugonjwa wa kisukari si mgeni duniani. Maandishi ya kitabibu ya Misri, ya takriban miaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), yanataja maradhi ya kukojoa kupita kiasi. Matabibu wa kale wa India waliuita "madhumeha", yaani mkojo wa asali, kwani waliona sisimizi wakiufuata. Katika karne ya 2, tabibu Aretaeus wa Kapadokia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, aliandika kuhusu wagonjwa wenye kiu isiyokatika na miili inayoyeyuka. Jina la Kigiriki la ugonjwa huu, "diabetes", lina maana ya kitu kinachopitisha maji, kana kwamba mwili umegeuka mfereji.

Wanazuoni wetu nao hawakukaa nyuma. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037 katika mji wa Hamadan, Uajemi, aliueleza ugonjwa huu katika kitabu chake mashuhuri cha al-Qanun fi al-Tibb, pamoja na madhara yake, ikiwemo kuoza kwa viungo. Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliuandikia risala nzima. Tunaomba msomaji aushike moyoni mji huo wa Hamadan, maana tutaurudia.

Lakini matabibu wote hao, pamoja na elimu yao, waliujua ugonjwa ukiwa umeshaingia ndani ya nyumba na kuketi. Mgonjwa alikuja kwao amekonda, ana kiu, anaamka usiku mara kumi. Hakuna aliyeweza kumwambia mtu mzima wa afya kwamba ugonjwa uko njiani.

KUTOKA MKOJO HADI DAMU

Mwaka 1674 daktari wa Kiingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hawa una utamu wa ajabu. Alijuaje? Aliuonja. Ndiyo ilikuwa maabara ya zama hizo.

Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa mji wa Liverpool, alichapisha habari za mgonjwa wake wa miaka 33. Dobson aliuchemsha mkojo wa mgonjwa huyo mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe wenye harufu na ladha ya sukari. Kisha akafanya jambo kubwa zaidi. Alichukua maji ya damu ya mgonjwa, akayaonja, nayo akayakuta matamu. Kwa hiyo sukari haikuwa inatengenezwa na figo kama wengine walivyodhani. Ilikuwa tayari imo ndani ya damu, na figo zilikuwa zinaimwaga tu. Kuanzia hapo mkojo ukawa ni shahidi wa mbali, na shahidi wa karibu akawa ni damu.

Hata hivyo damu ilichelewa kutumika. Ili kupima sukari yake ilibidi kumtoa mgonjwa damu nyingi, na kazi ya maabara ilikuwa ndefu. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo wataalamu walipopata njia za kupima kwa damu kidogo. Ndipo pia walipoanza kumpa mtu maji ya sukari anywe akiwa na njaa, kisha kumpima damu kila baada ya muda, kuona mwili wake unaishughulikia vipi. Kipimo hicho cha kunywa sukari bado kinatumika mpaka leo.

Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutoa insulini kwenye kongosho la mnyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Mtoto aliyekuwa akisubiri kufa akapata kuishi, alhamdulillah. Baada ya hapo madaktari wakawa na nafasi ya kuuliza swali jipya: hawa tunawatibu, je, wanaofuata ni akina nani?

AKINA MAMA WA BOSTON

Jibu la mwanzo lililo wazi lilitoka kwa akina mama waja wazito. Mjini Boston, Marekani, daktari John O'Sullivan na mtaalamu wa takwimu Claire Mahan waliwapima waja wazito 752 kwa kipimo cha kunywa sukari, wakaona kawaida yao ni ipi. Kisha wakaangalia kundi jingine la wanawake waliokuwa wamepimwa wakiwa na mimba na kufuatiliwa kwa miaka. Mwaka 1964 walichapisha matokeo. Mama ambaye sukari yake ilipanda kupita mpaka fulani wakati wa ujauzito, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele.

Tuligundue jambo hili vizuri. Mipaka ile haikuwekwa kwa kuangalia kinachompata mama siku ile. Iliwekwa kwa kuangalia yatakayomkuta baadaye. Hapo ndipo kipimo cha damu kilipoanza kutumika kutazama njia iliyo mbele.

Na tuseme ukweli, habari hii ya mwaka 1964 bado haijafika katika nyumba nyingi. Mama huambiwa, "Sukari ilipanda kwa sababu ya mimba, sasa imeshuka, nenda nyumbani." Anafurahi, anakula uzazi, na hakuna anayemwambia arudi kupima. Wataalamu leo wanasema apimwe tena wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo kila mwaka 1 hadi 3, maisha yake yote.

WATU WA MTO ULIOKAUKA

Mwaka mmoja baadaye, 1965, watafiti wa serikali ya Marekani walianza kazi ndefu katika jimbo la Arizona, kwa wenyeji wanaojiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mtoni, ambao wengine huwaita Wapima. Kila baada ya takriban miaka miwili wakazi wa kuanzia umri wa miaka 5 walialikwa kupimwa damu, nao waliitikia kwa miongo kadhaa. Ilionekana kwamba katika watu wazima wa miaka 35 na zaidi, karibu nusu walikuwa na kisukari.

Kwa kuwapima watu wale wale mwaka hadi mwaka, watafiti waliona sukari ya damu ikianza kupotea njia muda mrefu kabla mtu hajahisi chochote. Waliona pia ni kiwango gani macho na figo huanza kuharibika. Viwango vinavyotumika duniani kote kuamua nani ana kisukari vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya damu ya watu hawa. Mwaka 1979 na 1980 wataalamu wa Marekani na Shirika la Afya Duniani waliipa jina hali ya katikati: mtu ambaye si mgonjwa wa kisukari, lakini mwili wake haumudu tena sukari kama zamani. Leo wengi huiita hali ya kabla ya kisukari. Sisi tunapenda kuiita njia panda.

Wapo waliosema kwamba Wapima wana damu mbovu, na basi. Historia inawajibu. Watu hawa walikuwa wakulima wa mto Gila, wakilima mahindi, maharage na maboga kwa kumwagilia. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa upande wa juu waliyachepusha maji, mto ukakauka, mashamba yakafa, njaa ikaingia, na baadaye wakawa wanaishi kwa vyakula vya msaada. Ndugu zao wa damu waliobaki milimani huko Meksiko, wakilima kwa mikono, walipochunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2006, wenye kisukari walikuwa takriban 7 katika kila watu wazima 100. Kwa wale wa Arizona walikuwa 38. Asili ni moja, maisha ni tofauti.

Jambo hili linatuhusu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, vijiji sita vya Tanzania vilipimwa, na wenye kisukari walikuwa chini ya mmoja katika kila watu 100. Lakini waliokuwa kwenye njia panda walikuwa wengi zaidi kuliko wagonjwa wenyewe. Onyo lilikuwepo tangu wakati huo. Tangu hapo watu wetu wengi wamehamia mijini, jembe limeachwa, pikipiki imechukua nafasi ya miguu, na soda imechukua nafasi ya maji.

HAMADAN KWA MARA YA PILI

Sasa turudi Hamadan, mji alikozikwa Ibn Sina. Mwaka 1929 alizaliwa katika mji huo mtoto wa familia ya Kiyahudi, Samuel Rahbar. Alisoma udaktari na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Tehran. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akichunguza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa, akiwatafuta wagonjwa wenye himoglobini isiyo ya kawaida. Katika kupima wagonjwa wengi wa hospitali aliona mstari mmoja mgeni kwenye damu ya watu wawili. Wote wawili walikuwa na kisukari. Akawaita wagonjwa wengine 47 wa kisukari, na kila mmoja wao alikuwa na alama ile ile. Alichapisha habari hiyo mwaka 1968, na mwaka 1969 akaithibitisha pamoja na wenzake wa New York.

Kinachotokea ni hiki. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kwa muda wote huo inaogelea katika sukari iliyomo kwenye damu, na sukari hugandana nayo kidogo kidogo. Sukari ikiwa nyingi, inayogandana ni nyingi. Ni kama kanzu nyeupe iliyovaliwa jikoni kwa muda: ukiitazama unajua moshi ulikuwa mwingi au mchache, hata kama saa hii moto umezimwa. Kwa hiyo mtu anaweza kufunga siku mbili kabla ya kwenda kupimwa akadhani atamdanganya daktari, lakini kipimo hiki, kinachoitwa HbA1c, kitasimulia miezi miwili au mitatu iliyopita.

Mwanzoni kilitumika kwa waliokwisha kuugua tu, kuona kama matibabu yanafaa. Kuanzia mwaka 2010 chama cha madaktari wa kisukari cha Marekani kilikubali kitumike pia kuutambua ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani likakubali hivyo mwaka 2011. Rahbar alihamia Marekani baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, akafariki huko mwaka 2012. Elimu ni amana inayopita mikono mingi, na Mwislamu huichukua popote aikutapo.

MJI WA DA QING

Mpaka hapa mzee wetu angeweza kusema: "Sawa, mmejua nani yuko hatarini. Mnamsaidia nini, zaidi ya kumtia hofu?" Swali hili nalo lilijibiwa, na jibu lilitoka China.

Da Qing ni mji wa visima vya mafuta kaskazini mashariki ya China. Mwaka 1986 madaktari wakiongozwa na Pan Xiaoren walichuja watu 110,660 kupitia vituo vya afya 33 vya mji huo, wakapata 577 waliokuwa kwenye njia panda. Vituo vikagawanywa kwa kura. Kundi moja liliendelea na maisha ya kawaida. La pili lilifundishwa kula vizuri, la tatu kufanya mazoezi, na la nne yote mawili.

Usidhani mazoezi yale yalikuwa ya wanamichezo. Nusu saa ya kutembea taratibu au kusafisha nyumba ilihesabiwa kuwa fungu moja, sawa na dakika 20 za kutembea kwa haraka au kuendesha baiskeli, au dakika 5 za kuruka kamba. Waliombwa waongeze fungu moja au mawili kila siku. Chakula nacho kilikuwa cha kawaida: mboga zaidi, sukari na pombe kidogo, na kwa walionenepa, kupunguza uzito pole pole.

Baada ya miaka 6, katika kundi lililoachwa, takriban watu 68 katika kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika makundi yaliyobadili maisha walikuwa kati ya 41 na 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Watafiti waliendelea kuwafuatilia watu wale wale, na mwaka 2019, baada ya miaka 30, waliripoti kwamba waliobadili maisha walichelewa kupata kisukari kwa takriban miaka 4, walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi.

Nchi nyingine zikafuata. Ufini ilitoa matokeo mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002. Kote kuwili, kubadili chakula, kutembea na kupunguza uzito kulipunguza hatari kwa asilimia 58. Huko Marekani dawa ya metformin nayo ilisaidia, kwa asilimia 31, yaani miguu iliishinda dawa. India ilitoa matokeo yake mwaka 2006, nayo yakaelekea huko huko.

Angalia tena zile hesabu za Da Qing. Hata katika wale walioachwa bila kusaidiwa, si wote walioumwa katika miaka ile 6. Na katika waliojitahidi, si wote waliosalimika. Kwa hiyo kipimo si hukumu, na wala jitihada si hirizi. Ni onyo, na mwenye kulifanyia kazi onyo anajiongezea nafasi ya kusalimika.

NA WATOTO JE?

Kisukari cha watoto, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo, kina habari yake. Hakiletwi na mama kumpa mtoto peremende, na akina mama waache kujilaumu. Huja pale kinga ya mwili inapokosea na kulishambulia kongosho. Mwaka 1974 wataalamu wa London waligundua alama za shambulio hilo ndani ya damu, na baadaye ikaonekana kwamba alama hizo hutangulia ugonjwa kwa miezi au miaka. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu 76, ndugu wa wagonjwa, waliokuwa na alama hizo. Waliopewa dawa iitwayo teplizumab walichelewa kuugua kwa takriban miaka 2 kuliko wenzao. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani Novemba 2022. Ni ya gharama kubwa mno, na kwa familia zetu nyingi haifikiki. Lililo mikononi mwetu ni kuzijua dalili: mtoto mwenye kiu isiyoisha, anayekonda, aliyerudia kukojoa kitandani, apelekwe kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Asisubiri mpaka wiki iishe kwa dhana kwamba ni malaria.

TUJUE KUSOMA KARATASI YETU

Vituo vyetu huandika kwa namna tofauti. Wengine hutumia milimoli, wengine miligramu, na waliofuata desturi ya Kifaransa huandika gramu kwa lita. Kwa aliyeamka bila kula, kuanzia milimoli 7.0, ambayo ni miligramu 126 au gramu 1.26, ni kisukari. Njia panda huanzia milimoli 6.1 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na 5.6 kwa mujibu wa Wamarekani. Kwa HbA1c, kuanzia 6.5 ni kisukari, na 5.7 hadi 6.4 ni eneo la tahadhari kwa hesabu ya Wamarekani. Asiye na dalili yoyote asihukumiwe kwa kipimo kimoja, bali kipimo kirudiwe.

Kuna tahadhari moja inayotuhusu sana watu wa ukanda huu. HbA1c inasoma umri wa chembe za damu. Chembe zikifa mapema, kwa sababu ya selimundu, malaria au kutokwa na damu nyingi, kipimo kinaweza kuonyesha nafuu isiyokuwepo. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukipandisha. Na mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba hitilafu ya kurithi iitwayo upungufu wa G6PD, ambayo iko kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, hukishusha kipimo hiki hata sukari ikiwa juu. Mwenye hali kama hizi amweleze daktari, apimwe pia kwa njia ya kufunga au ya kunywa sukari.

Na kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba kutolewa damu kwa ajili ya kipimo cha maabara hakufunguzi. Basi tusiifanye saumu kuwa kisingizio. Na mwenye kisukari tayari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka.

JIBU LA MZEE WETU

Je, huku ni kuagua ghaibu? Itikadi yetu iko wazi. Ghaibu ni ya Allah (s.w.), na mwisho wa Sura Luqman tumefundishwa kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Lakini nahodha anayeona wingu jeusi akarudisha chombo pwani hajadai ghaibu. Amesoma alama alizoziweka Mola wake. Mpiga ramli hukwambia wewe, kwa jina lako, kwamba litakufika jambo hili, kisha akakutaka kuku mweusi. Daktari hukwambia: katika watu mia waliokuwa na damu kama yako, wengi waliugua na wengine hawakuugua, kisha akakutaka upunguze sukari kwenye chai. Na sisi ni umma tulioamrishwa kujitibu, na tuliofundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali.

Tulimsimulia mzee haya yote kibarazani kwake, tangu Dobson mpaka Da Qing. Alisikiliza kimya. Tulidhani atauliza habari za Wachina. Hakuuliza. Aliuliza habari za akina mama wa Boston. "Binti yangu," alisema, "alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa pili aliambiwa sukari imepanda. Alipojifungua wakasema imekwisha. Mtoto sasa anasoma darasa la kwanza. Mbona hakuna aliyetwambia arudi?"

Hatukuwa na la kumjibu, ila kusema kwamba mlango haujafungwa. Wauguzi waliporudi msikitini, mzee alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya wanaume, na bintiye alikuwa upande wa akina mama. Majibu yao ni siri yao, wala hatukuuliza.

Tunawaomba wasomaji wetu jambo moja dogo. Jioni ya leo, mkimaliza kula, ulizaneni nyumbani: nani katika ukoo wetu ana kisukari? Mama gani sukari ilimpanda akiwa mja mzito? Nani tumbo limetangulia na kazi yake ni ya kukaa? Hao ndio wa kuanza kupimwa. Na mkiambiwa mko njia panda, isiwe habari ya mtu mmoja kula chakula chake peke yake pembeni. Nyumba nzima ipunguze soda na maandazi, ioongeze mboga, na itembee kwenda msikitini kwa miguu.

Ewe Mola, tupe afya katika miili yetu, katika masikio yetu na katika macho yetu, uwaponye wagonjwa wetu, na uwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.